Nimeacha kusema "tulia"

Kwa miaka mingi ndani ya chumba cha kufungia vidonda neno langu lilikuwa hilo hilo. Tulia mwanangu. Tulia baba. Tulia basi! Na mtu ambaye chachi imemgandia kwenye nyama, ukimwambia atulie ndio kwanza anakaza mwili mzima, mpaka vidole vya miguu.

Aliyenizindua ni bibi mmoja kutoka Micheweni. Mjukuu wake, miaka minane, alimwagikiwa uji wa moto mapajani. Dawa ya maumivu tulishampa, lakini alipouona mkasi tu akaanza kupiga kelele. Bibi akasogeza kiti, akamwambia, "Paukwa!" Mtoto akajibu kwa kwikwi, "Pakawa."

"Haya, tumefika shamba. Umepanda tawi gani?"

"La juu."

"Shada hilo lina karafuu ngapi? Hesabu, usinidanganye, pakacha langu nalijua."

Akahesabu, macho wazi, kayakazia dari. Mimi nalowesha chachi kwa maji ya chumvi, nabandua kidogo kidogo. Nilipofika pembeni, pale ambapo kila siku hutoka damu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Bibi, tawi hili linanikwaruza."

"Basi hamia la pili."

Akahamia! Mwenzangu mlangoni akauliza kama mtoto wa watu karogwa. Kwetu Pemba huo si mzaha mwepesi, nikamwomba asirudie mbele ya wagonjwa.

Baadaye ndipo nikasoma kuhusu hipnosisi, yaani kuiongoza akili ya mtu kwa maneno mpaka ishikwe na jambo moja, ambayo nilidhani ni mazingaombwe ya kutikisiwa saa mbele ya pua. Daktari James Braid wa Manchester ndiye aliyelieneza neno hilo katika miaka ya 1840, akilitoa kwenye neno la Kigiriki la usingizi. Kisha akaona amekosea, kwa sababu wengi wa wagonjwa wake hawakuwa wamelala. Akapendekeza jina jingine lenye maana ya fikra moja tu kuishika akili. Mjukuu wa Micheweni na karafuu zake ishirini na ngapi sijui!

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha James Esdaile, daktari wa upasuaji kutoka Scotland aliyekuwa Hooghly, India. Mwaka 1845 alimtibu mfungwa mwenye busha, maradhi tunayoyajua vizuri visiwani, akimtuliza maumivu kwa kumpitishia mikono mwilini kwa muda mrefu, mtindo uliotangulia hipnosisi. Dawa ya usingizi ya etha ilikuwa bado. Ilionyeshwa hadharani Boston mwaka uliofuata, na mtindo wa Esdaile ukafifia. Sioni ajabu: etha haikuhitaji masaa ya kumpapasa mgonjwa.

Lakini kutulia je? Hapa ndipo nilipokuwa nimekosea. Mwaka 1976 wanasaikolojia Éva Bányai na Ernest Hilgard walichapisha utafiti ambao watu walikanyaga baiskeli isiyokwenda popote, macho wazi, huku wakiambiwa wazidi kuchangamka. Walipokea maelekezo ya hipnosisi sawa na waliolegezwa mwili. Sisemi kulegea hakuna faida. Misuli iliyokaza huongeza maumivu, na kupumua taratibu kunamsaidia mwenye hofu. Ila wengi hulegea baada ya akili kupata pa kwenda, na mimi nilikuwa nawadai walegee kwanza. Dawa ya maumivu bado naitoa, tena mapema. Hadithi haichukui nafasi yake.

Siku moja nilimpeleka mzee mmoja kwenye mkarafuu kwa hadithi, akanicheka. "Mimi mvuvi, bi nesi. Huko juu nitaanguka." Tangu hapo nauliza kwanza. Nikamwuliza anavua kwa chombo gani. Kwa dema, ule mtego wa samaki wa kuzamishwa, akasema, akafumba macho. Nikashika ncha ya chachi.

"Dema lina nini, mzee?"

"Halijafika chini. Ngoja."

Nikangoja.