Stesheni ya Broad Street juu ya kabati la fleti

Ukitokea stesheni ya Liverpool Street, London, upande wa Broadgate, unakanyaga mahali palipokuwa na stesheni nyingine nzima. Broad Street ilifunguliwa tarehe 1 Novemba 1865, ikafungwa 1986, na majukwaa yake yakageuka ofisi. Wenzetu wa zamu za usafi wa alfajiri wanayajua majengo hayo kuliko wanaokaa kwenye viti vyake, lakini hata wao hawaoni dalili kwamba treni ziliwahi kuingia pale. Hapa tutaijenga upya kama modeli ndogo ya reli, ya kukaa juu ya kabati la fleti.

London ina stesheni kadhaa za namna hii. Holborn Viaduct (1874 hadi 1990) ni fupi zaidi na ingekuwa rahisi kuijenga. Ludgate Hill ilifungwa 1929, kwa hiyo picha za rangi karibu hazipo. Kwa anayeanza, Broad Street ndiyo yenye faida: picha ni nyingi, ramani ni kubwa, na daraja la matao lililoileta treni mjini bado lipo. Sehemu ya daraja hilo la Kingsland inatumiwa leo na treni za mjini za Overground zinazopita Hoxton na Haggerston.

Chagua mwaka kabla ya kununua hata pini. Watu huanza na injini waliyoipenda, kisha wanagundua kwamba injini hiyo haikuwahi kukutana na paa walilojenga. Hapa mwaka unaamua mambo mazito. Njia hii ilitiwa umeme 1916 kwa reli nne: mbili za magurudumu, moja ya umeme pembeni, na nyingine katikati. Mwaka 1970 umeme wake ukabadilishwa uwe wa reli tatu, ile ya katikati ikaacha kazi. Paa kubwa la majukwaa lilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1960. Treni za dizeli kutoka njia za kaskazini, upande wa King's Cross, zilikoma kuja hapa 1976. Ukijumlisha hayo, kipindi kinachofaa ni 1971 hadi 1975. Huna paa la chuma la kukutoa jasho, huna reli ya nne, na bado unaruhusiwa kuleta dizeli. Tena wakati huo stesheni ilikuwa kubwa na tupu, treni fupi ya mabehewa matatu ikisimama kwenye jukwaa refu. Utupu huo ni rahisi kuujenga, na ndio ukweli wenyewe.

Ramani anzia kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, bure kabisa. Tafuta ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, za London za miaka ya 1890 za skeli 1:1056, ambazo zinaonyesha hadi nguzo na ngazi, na zile za baada ya vita za 1:1250. Za 1:2500 ni za kuthibitishia tu. Kwa modeli ya skeli 1:148, yaani kila kipimo halisi kigawanywe kwa 148, kila milimita ya ramani ya 1:1056 inakuwa milimita 7.1, ya 1:1250 inakuwa 8.4, ya 1:2500 inakuwa 16.9. Unene wa mstari nao unakua. Mstari wa nusu milimita kwenye 1:2500 unakuwa zaidi ya milimita 8, sawa na mita 1.25 za kweli, na ndiyo maana ramani hiyo haifai kupimia ukingo wa jukwaa.

Michoro na nyaraka ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew. Kampuni za kabla ya utaifishaji wa 1948 ziko chini ya herufi RAIL, za British Railways, shirika la serikali lililofuata, chini ya AN. Kuona nyaraka halisi unahitaji kadi ya msomaji, nayo haina malipo, ila wanataka kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Hapo ndipo wapangaji wa vyumba hukwama, kwa sababu bili ya umeme ina jina la mwenye nyumba. Taarifa ya benki inaweza kukutoa. Soma orodha yao kabla hujapanda treni. Ndani ni penseli tu, kalamu ya wino inabaki kwenye kabati la mlangoni. Kupiga picha kwa simu yako hakulipiwi. Piga kila mchoro pamoja na rula iliyolazwa pembeni, maana picha isiyo na rula ukifika nyumbani ni pambo.

Vimo havimo kwenye ramani, vinatoka kwenye picha, na mwalimu wako ni tofali. Tofali la Kiingereza la zamani pamoja na udongo wake wa kuungia lina kimo cha karibu milimita 76 kwa kozi, yaani kwa mstari mmoja wa matofali. Hesabu kozi kutoka barabarani hadi ukingo wa juu wa ukuta: kozi 80 ni mita 6 na kidogo. Kwa 1:148 kozi moja ni nusu milimita, kwa hiyo kozi 80 ni sentimita 4 za modeli. Mafundi wa karne ya 19 hawakuwa na unene mmoja wa udongo, basi hakikisha kwa kitu kingine kwenye picha hiyo hiyo, mlango au mtu aliyesimama karibu kabisa na ukuta. Ukipata tofauti ya zaidi ya asilimia 5, picha imepigwa kwa pembe, tafuta nyingine. Kwa matao, nenda Hoxton na futi kamba. Upana wa tao, unene wa nguzo na idadi ya kozi kwenye upinde unavipima ukiwa barabarani, bila kumuomba mtu ruhusa.

Kuhusu skeli, aina ya modeli iitwayo N ya Uingereza ni 1:148 na N ya Ulaya bara na Marekani ni 1:160, ingawa zote hutembea kwenye reli ya upana wa milimita 9. Nyumba ya Kijerumani ukiiweka kando ya treni ya Kiingereza itapungua kama asilimia 8. Mlango wa mita 2 unakuwa milimita 12.5 badala ya 13.5. Kwa mbali hutaona, ila mlangoni akisimama mtu utaona. Aina kubwa zaidi, OO ya 1:76, inapendeza zaidi, lakini stesheni hii kwa OO inataka sebule, na sebule ndipo wageni kutoka nyumbani wanapolala.

Sasa kufupisha. Treni ya umeme ya hapo, Class 501, ilikuwa na mabehewa matatu ya takriban mita 17.5 kila moja. Pamoja na viungio ni mita 54 hivi, sawa na sentimita 36.5 za modeli. Jukwaa lipe sentimita 80, litaonekana refu na pweke kama inavyotakiwa. Stesheni halisi ilikuwa na majukwaa zaidi ya manane, jenga manne. Punguza idadi, usipunguze upana. Jukwaa la katikati lenye mita 6 ni milimita 40, na ukilibana hadi 25 stesheni nzima inageuka kituo cha kijijini hata ukiweka taa na saa nzuri namna gani. Kimo cha jukwaa juu ya reli ni milimita 6.

Mpango mzima unaingia kwenye sentimita 240 kwa 40: ukumbi na sura ya mbele 20, majukwaa 80, eneo la kugawanyika njia 70, daraja la matao 30, na 40 za mwisho zinafichwa nyuma ya jengo, treni isubiri humo. Kosa la kawaida ni kukata ubao katikati, 120 na 120, ambapo kiungo kinaangukia kwenye eneo la kugawanyika na pointi, yaani kipande cha reli cha kugeuzia njia, inakaa juu ya ufa. Kata 100 na 140. Hapo kiungo kinavuka njia nne zilizonyooka, basi. Ubao wa sentimita 140 bado unaingia kwenye lifti ukisimamishwa wima.

Fremu iwe plaiwudi ya milimita 9, si chipubodi, kwa sababu chipubodi ikinywa unyevu huvimba na haishuki tena. Unga mbao mbili kwa pini za shaba za kulengeana na bolti mbili za M8. Bolti peke yake hazilengi; tundu lake lina nafasi ya nusu milimita, na nusu milimita kwenye reli ya 9 ni treni kuanguka. Kwa aliyepanga nyumba, usitoboe ukuta. Kabati mbili za vitabu zenye kimo sawa zinabeba yote.

Kuna jambo la majira ambalo vitabu vya nyumbani Afrika Mashariki havina. Kuanzia Novemba hita inawaka, hewa inakauka, mbao inasinyaa. Reli haisinyai nayo. Mita moja ya reli hutanuka kama robo milimita tu kwa nyuzi 15, kwa hiyo anayepinda njia mara nyingi ni ubao unaosogea chini yake. Acha ubao ukae chumbani wiki mbili kabla ya kulaza njia, paka rangi pande zote hata chini, na acha mwanya wa nusu milimita kwenye kila kiungo cha reli. Ukilaza njia Julai bila mwanya, ikifika Januari njia ina tumbo.

Njia za kampuni ya Peco, aina iitwayo code 55, zinafaa kwa sababu reli imezama ndani ya mataruma, haing'oki kirahisi. Pande lake lina milimita 914. Ili treni yoyote ifike jukwaa lolote na kutoka tena, unahitaji pointi 6: mbili za kuvuka kwenda, mbili za kuvuka kurudi, na mbili za kugawa njia mbili ziwe nne. Chukua za wastani, nusu kipenyo milimita 457. Fupi zinaokoa nafasi, lakini mabehewa marefu yanapovuka huonekana kama nyoka aliyevunjika. Pointi aina ya Electrofrog, ambazo ncha yake ya V (pale reli mbili za ndani zinapokutana) hupitisha umeme, zinataka viungio vya plastiki kwenye reli mbili za ndani zinazotoka kwenye ncha hiyo. Ukisahau, treni inatembea vizuri mpaka utakapogeuza pointi ya mbele yake, kisha shoti, na utahangaika na kidhibiti, kifaa cha kuendeshea treni, ambacho hakina kosa.

Lehemu waya kwenye kila kipande cha reli, usitegemee viungio vya chuma. Vumbi na rangi huviua baada ya miezi. Waya mkuu milimita 1.5 za mraba, vijiwaya vya kushukia 0.2. Kila jukwaa lipewe swichi yake.

Reli ya umeme pembeni ndiyo inayoipa modeli hii uso wake. Halisi ilikaa milimita 406 kutoka ukingo wa ndani wa reli na milimita 76 juu yake, yaani kwenye modeli milimita 2.7 kutoka reli na milimita 0.5 juu yake. Iweke upande usio na jukwaa, na kwenye pointi ikatike na kuhamia upande wa pili. Picha za miaka ya 1970 zinaonyesha mahali ilipokatika. Class 501 nayo ina alama isiyokosewa: vyuma vya kukinga madirisha ya milango, kwa sababu handaki la Hampstead Heath lilibana na kichwa cha abiria kisingesalimika. Kwa 1:148 usichore kwa brashi. Kwaruza mistari nyuma ya plastiki ya kioo kwa kisu, jaza rangi nyeupe, kisha futa.

Anayefikiria kujenga reli ya kwetu Afrika Mashariki atumie hesabu hizi hizi. Reli ya Zanzibar kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, iliyoanza 1905, ilikuwa na upana wa futi 3; kwa 1:76 inakaa sawasawa kwenye njia ya milimita 12. Reli ya mita moja ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa 1:160 inaangukia 6.25, na njia ya Z, aina ndogo kuliko N, ya milimita 6.5 inatosha, ila mataruma yake yamesongamana na itabidi uyapange upya.

Kabla ya matumizi makubwa, pakua vielelezo vya pointi kwenye tovuti ya Peco na uvichape. Printa nyingi hupunguza ukurasa zenyewe ili utoshee, kwa hiyo chagua asilimia 100 na upime kwa rula. Vibandike kwenye kadibodi ya 240 kwa 40, simamisha maboksi ya nafaka pale patakapokuwa na majengo, na iweke juu ya kabati wiki nzima. Kisha nunua pointi moja, pande moja la njia na kidhibiti cha volti 12, ulehemu, upitishe behewa moja kwa mkono kwenda na kurudi. Likiruka kwenye ncha ya V, pima umbali kati ya magurudumu kabla ya kununua zile tano zilizobaki.