Nilivyopata takwimu za Jambur, kisha nikapata na usafiri wa kufika

Mwalimu wetu wa chuo huku Rajkot, India, alitaka kila mwanafunzi achague kijiji kimoja cha jimbo letu la Gujarat, aeleze kina watu wangapi na wanasafirije. Wenzangu Wahindi walichagua vijiji vya babu zao. Mimi Mtanzania nilichagua Jambur, karibu na msitu wa Gir, kwa sababu wakazi wake wengi ni Wasiddi, Waislamu wenye asili ya Afrika.

Nilianza na idadi ya watu. Sensa ya mwisho kukamilika India ni ya 2011; ile ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya korona. Leo Jambur iko wilaya ya Gir Somnath, lakini wilaya hiyo ilianzishwa 2013, kwa hiyo kwenye majedwali ya sensa huioni. Unaingia wilaya ya Junagadh, ilikokuwa awali, kisha taluka (sehemu ya wilaya) ya Talala, ndipo kijiji kinatokea. Hapo nakili namba yake ya tarakimu sita kabla ya yote. India ina vijiji zaidi ya laki sita na majina hujirudia mno.

Kujua Wasiddi ni wangapi kulihitaji akili kidogo. Jedwali la kijiji halitaji kabila kwa jina, ila lina safu ya makabila yaliyoorodheshwa na serikali, na Wasiddi wa Saurashtra, eneo la Gujarat iliko Jambur, wamo. Nikaitumia kama makadirio, nikaandika wazi kwamba ni makadirio.

Kitabu cha sensa cha wilaya kinaeleza na usafiri, kwa ufupi wa ajabu. Huduma isipokuwepo kijijini, huandikwa herufi: a ikiwa iko chini ya kilomita 5, b kati ya 5 na 10, c zaidi ya hapo. Basi lenyewe linapita saa ngapi, hakisemi. Na idadi ya watu si ya kupamba ripoti tu: mpango wa taifa wa barabara za vijijini, ulioanza 2000, uliweka kiwango cha watu 500 kwa makazi ya tambarare, na 250 kwa milimani, jangwani na maeneo ya makabila. Mkipungua, lami mtaisubiri.

Basi nikaenda mwenyewe, pamoja na rafiki wa darasani anayejua Kigujarati. Rajkot hadi Junagadh tulipanda treni ya kawaida. Kutoka Junagadh tukachukua ile ya Delvada, inayopita Gir kwenye reli ya upana wa mita moja, sawa na Reli ya Kati ya kwetu ile ya zamani. Inakwenda taratibu, maana msitu huo ndio makao ya simba wa Asia. Simba hatukumwona. Tulishuka Talala, mji unaosifika kwa maembe ya Kesar, tukatafuta chhakdo: pikipiki iliyoungiwa bodi nyuma, magurudumu matatu, abiria na magunia pamoja. Haiondoki mpaka ijae, na hilo halikuhitaji mkalimani.

Jambur nilitoa salamu ya "Salaam alaikum", mlango ukafunguka. Mzee mmoja karibu na kaburi la walii Nagarchi Pir aliniuliza kwetu ni wapi, akanitazama kwa muda, kisha akaagiza chai. Kiswahili hakukijua hata neno. Nilipomuuliza kuhusu basi alicheka: basi ni la wanafunzi na la watu wenye subira, alisema, mwenye mgonjwa hutafuta gari la jirani. Maneno hayo nikayaweka kwenye ripoti, chini ya jedwali.

Ukitaka kufuata njia hii, toka asubuhi mapema na ulizia usafiri wa kurudi Talala kabla hujaketi kunywa chai. Jioni chhakdo huwa chache, na dereva wa mwisho ndiye anayepanga bei.