Siku ya 31 Moteli: Mgeni Anapogeuka Mpangaji

Tofauti kati ya mpangaji wa nyumba na mtu anayeishi moteli huonekana siku pesa inapokatika. Mpangaji akishindwa kulipa kodi, mwenye nyumba hana budi ampe notisi, afungue kesi, ashinde, ndipo sherifu, ofisa anayetekeleza amri za mahakama, aje kumtoa. Mgeni wa moteli anazimiwa kadi ya mlango kutoka mapokezi, basi. Hivyo jambo la kwanza ni kujua lini mgeni huacha kuwa mgeni, na Marekani jibu hubadilika kila ukivuka mpaka wa jimbo.

California huhesabu siku 30. Ukizipita huku umelipa kila unachodaiwa, wewe ni mpangaji, hata kama unalipa kwa wiki na fomu uliyosaini inakuita mgeni. (Hoteli zenye huduma zote, za chakula, usafi, barua na kadhalika, zinaweza kukwepa kanuni hii, moteli ya kawaida ya barabarani ni nadra kuzifikia.) New York pia ni siku 30 mfululizo, na tangu 2019 kumfungia mtu wa namna hiyo nje bila amri ya mahakama ni kosa la jinai. Virginia inataka zaidi ya siku 90, chumba kikiwa ndicho makazi yako makuu. Kabla ya hapo asiyelipa hutolewa bila kesi baada ya notisi ya maandishi ya siku 5. Florida haihesabu siku. Inatazama nia ya pande mbili, kama ukaaji ni wa muda au la, na chumba kikiwa makazi yako pekee, dhana ya kisheria inakuegemea wewe mpaka ithibitishwe vingine.

Wenye moteli wanazijua siku hizo 30 kuliko wakaaji wao. Ndiyo maana siku ya 28 unaambiwa utoke usiku mmoja kisha ujiandikishe upya. Huo ni ujanja mtupu, na California imeupiga marufuku kwa kifungu cha 1940.1 cha Sheria ya Madai, kwa hoteli za makazi, yaani zisizotumiwa hasa na wapita njia: adhabu ya dola 500 pamoja na gharama za wakili. Ukionyesha tu kwamba ulilazimishwa kutoka na kujiandikisha upya, ni juu ya moteli kuleta ushahidi wa sababu nyingine.

Ila lazima uonyeshe, na hapa ndipo wengi huanguka. Wanalipa taslimu bila risiti, au chumba kimeandikwa kwa jina la rafiki, au deni dogo la wiki ya pili halijalipwa na linavunja sharti la kulipa yote. Dai risiti yenye namba ya chumba na tarehe kila unapolipa. Hamishia hapo anwani ya leseni, ya barua na ya shule ya watoto. Kisha soma risiti zenyewe: sehemu nyingi ushuru wa serikali kwa malazi ya wasafiri hautozwi tena mtu akishakaa siku 30, Texas ikiwemo, mradi malipo hayakukatika. Risiti iliyoacha kutoza ushuru huo inasema moteli yenyewe haikuhesabu tena kama msafiri.

Ukikuta kufuli limebadilishwa au umeme umekatwa, na California umeshakuwa mpangaji, kifungu cha 789.3 kinakupa fidia ya hasara yako pamoja na hadi dola 100 kwa siku, jumla isipungue 250. Polisi huenda wakasema ni mambo ya madai. Waonyeshe risiti kwa utulivu, wakikataa andika majina yao na saa, kisha nenda mahakamani siku hiyohiyo kuomba amri ya dharura ya kurudishwa chumbani.

Kama kweli unadaiwa, hadhi ya mpangaji haifuti deni. Inakununulia muda, na California ni hivi: notisi ya siku 3 bila kuhesabu wikendi na sikukuu, kisha hati za mahakama, ambazo tangu 2025 una siku 10 za kazi za mahakama kuzijibu. Usipojibu, mwenye moteli anaweza kupewa hukumu bila wewe kusikilizwa.