Kifaa cha GPS kilichotupeleka Mityana badala ya Mbarara

"Baba Aisha, Mbarara tangu lini ikapitia Mityana?"

Mama Aisha aliniuliza hivyo tukitoka Kampala, tukiwa tumeshaiacha nyuma kitambo Busega, pale barabara ya Masaka na ya Mityana zinapoachana. Mimi usukani mkononi, sikio lote kwa yule bibi wa kwenye kifaa, nikijiambia labda anatukwepesha foleni ya barabara ya Masaka. Kilomita alizoonyesha, mia mbili hamsini na kitu, hazikuwa mbali na za Mbarara. Ningeshuku nini?

Nikaegesha kando, mbele ya akina mama wanaouza nyanya, nikafungua simu. Rafiki yetu alikuwa ametutumia mahali pa kulala kwa namba: -0.61, 30.66. Mimi nilikuwa nimeingiza 0.61. Kile kistari cha mbele, alama ya kusini, nilikiona kama uchafu tu. Katika nchi nyingine kosa kama hilo lingekutupa baharini au nchi ya tatu, ukashtuka kabla ya kuwasha injini. Uganda lakini imekatwa na ikweta, na Mbarara iko kusini yake kwa nyuzi 0.6 hivi. Ipindue iwe kaskazini, unaangukia karibu kabisa na Kyenjojo, kwenye barabara ya Fort Portal. Ni mji mzuri, chai imetanda kila upande, lakini mbuzi wetu alikuwa anachomwa Mbarara.

Tukageuza. Tulifika usiku, mbuzi amebaki mifupa.

Kwa wasiotujua: gari letu ni Coaster kuukuu tuliyoing'oa viti, mafundi wa Katwe wakatuchomelea kitanda, kabati, meza ya jiko la gesi na tangi la maji. Juu tumeweka sola. Ina urefu wa mita 7, na kutoka chini mpaka juu ya sola ni mita 3 na sentimita kumi. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi, Jinja, ndiyo maana naandika Kiswahili huku shemeji zangu wa Kampala wakinicheka. Wengi mmeniuliza ni kifaa gani cha GPS kinafaa gari la kulala kama hili. Nimenunua viwili na kimoja kati yake ni majuto, kwa hiyo kidogo nina cha kusema.

Kile cha majuto nilikinunua kwenye duka moja mjini. Jina la duka naliacha, na la kifaa pia. Muuzaji aliniita mzee, akanipa kiti, akanifungulia ukurasa ambao ulinimaliza kabisa: unaingiza kimo cha gari lako, upana, urefu, uzito, halafu kifaa kinakutafutia njia ambayo hutakwama chini ya daraja fupi. Garmin na TomTom wote wanatengeneza vifaa vya namna hiyo, maalumu kwa magari ya kulala na matrela ya kulala, na huko Ulaya vina maana kubwa. Kule kuna madaraja ya reli ya zamani yaliyojengwa chini chini, kila moja limepimwa na kuandikwa kwenye ramani.

Nikajaza vipimo vyangu vyote kwa fahari. Wiki mbili baadaye, kwenye kijia kimoja kabla ya Masindi, mwembe ukaninyofoa mfuniko wa tundu la hewa juu ya kitanda. Kifaa hakikusema kitu. Kingesemaje? Onyo la kimo linatoka kwa mtu aliyewahi kusimama pale na utepe wa kupimia, akaandika namba. Kama hakuna aliyeandika, kifaa kinanyamaza, na wewe ukimya huo unausikia kama ruhusa. Na huku kwetu kinachokwangua paa si madaraja. Ni matawi, nyaya za umeme zilizolegea katikati ya senta, na vile vyuma vinavyowekwa kukinga njia ili malori yasipite.

Setilaiti zenyewe hazina kosa. Zile za GPS, za Wamarekani, zinazunguka juu kilomita kama 20,200 na kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo. Kifaa chako kikizipata nne, kinapiga hesabu kinajua kilipo. Basi. Hazijui barabara, hazijui matope, hazijui mwembe. Hayo yote yako kwenye ramani, na ramani ni kazi ya binadamu yenye tarehe yake.

Ile yangu ilikuwa ya kale. Pale Paraa, ndani ya mbuga ya Murchison, ilinionyesha kivuko wakati daraja lilikwisha jengwa. Jinja ilinipitisha juu ya bwawa la Nalubaale kana kwamba lile daraja jipya la nyaya, lililofunguliwa 2018, halipo. Bibi wa kifaa akaniona naelea juu ya Nile, akaanza kunihimiza nigeuze. Na mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, yeye aliendelea kutupeleka Gulu kwa njia ile ile, sauti shwari kabisa. Kufunguliwa upya kwa daraja nilikusikia redioni, si kwake.

Nilipouliza habari ya kuisasisha ramani, nikaambiwa ya Afrika inauzwa peke yake. Hilo ndilo ningeuliza kabla ya kutoa hela.

Kifaa cha pili nilikinunua mtumba, na safari hii nilikwenda dukani na maswali yangu mfukoni. Je, kina tundu la kadi, ili niweke ramani ninayoitaka mimi? Hili ndilo lililoniamulia, kwa sababu ramani za Tracks4Africa, za Afrika Kusini, zinatokana na nyayo za wasafiri wenyewe, na zinajua kambi na njia za vumbi ambazo ramani za kawaida hazina habari nazo. Je, kioo chake ni cha inchi 7? Dashibodi ya Coaster iko mbali na macho, inchi 5 utaishia kuinama kama unasoma gazeti. Je, chaja yake inapokea volti 24? Coaster yangu ni ya volti 24, na chaja ya kwanza, iliyoandikwa 12 kwa herufi ndogo za kupofua, ilitoa moshi ndani ya dakika moja. Harufu ile Mama Aisha anaikumbusha mpaka leo.

Swali la mwisho nililijaribu pale pale kaunta: nikaingiza namba za Mbarara na kuangalia kifaa kinaniuliza kaskazini au kusini mahali gani. Vingine vina kitufe cha N na S, na kikitoka kiwandani kimekaa kwenye N. Vingine vinataka kile kistari. Vingine vinataka nyuzi na dakika, ukiandika 0.61 kinakusoma vingine kabisa. Kijana wa duka alidhani namchezea.

Sauti zote zinatamka majina yetu vibaya, hapo msitafute tofauti. Kyenjojo kwa bibi wangu ni "Kai-yen-jojo." Tumezoea, sasa na sisi tunaiita hivyo.

Kuna wanaosema simu inatosha. Mpwa wangu alishikilia kwamba bila data simu haijui ilipo, tukabishana kuanzia Kotido mpaka Kaabong, mtandao unakuja na kupotea, huku nukta ya buluu ikitembea mbele ya macho yake. Akanyamaza, akaniambia, "Haya, mjomba." Ramani ukishaipakua nyumbani, setilaiti hazikudai bando. Mimi natumia OsmAnd, programu ya ramani, kwenye simu ya zamani, na hata humo unaweza kuingiza vipimo vya gari. Tatizo la simu ni jua: ukiibandika kwenye kioo cha mbele saa saba mchana inachemka, inafifiza mwanga, mwisho inajizima yenyewe kwenye njia panda ambayo ulikuwa unaihitaji.

Kwa hiyo natembea na vyote viwili, na vikipingana nasimama namuuliza mtu wa boda. Bwindi hasa, ule msitu wa sokwe. Ukiandika "Bwindi" tu, chochote utakachotumia kinaweza kukupeleka Buhoma kumbe kibali chako cha sokwe ni cha Rushaga. Ni msitu mmoja, lakini lango moja liko kaskazini na lingine kusini, na kati yake ni saa kadhaa za milima na kona. Sokwe hawakungoji. Andika jina la lango.

Kitu kimoja ninachojivunia: kwenye njia ya kwenda kwa rafiki yetu kuna chuma cha kukinga malori. Nilishuka na utepe, Mama Aisha akashika ncha ya chini. Mita 2 na sentimita 90. Nimekiingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo OsmAnd inaitumia na ambayo yeyote anaweza kuirekebisha. Safari iliyofuata simu ikanizungusha kwa nyuma, kupitia migombani.

Sasa kila tukienda magharibi, pale Kayabwe kwenye ile duara nyeupe ya ikweta, watalii wanapiga picha na sisi tunapita polepole. Mama Aisha anainama kwenye kioo cha kifaa, anangoja mpaka N igeuke S. Ikigeuka ananiambia, "Haya, endesha."