Ninavyopata fokasi ya nyota usiku

Fokasi ya otomatiki, yaani kamera kujitafutia yenyewe ukali wa picha, huhitaji mahali ambapo mwanga na giza vinapakana ili ishike. Kwenye anga jeusi haipapati. Lenzi huenda mbele, hurudi nyuma, mwisho kamera inagoma kupiga. Ndiyo maana jambo langu la kwanza ni kuhamisha swichi kwenye fokasi ya mkono.

Kisha inakuja alama ya infiniti kwenye lenzi, ile nane iliyolala inayomaanisha umbali usio na mwisho. Siiamini. Lenzi nyingi huzunguka kupita alama hiyo, na zimeundwa hivyo makusudi, kwa sababu chuma na vioo hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, hivyo mahali penyewe pa fokasi huhama. Tundu la lenzi likiwa wazi sana, kama f/2.8, kukosea kwa unene wa mstari wa alama kunatosha kuzigeuza nyota zote kuwa viduara.

Kilichonifaa ni kuifuata nyota yenyewe. Nafungua tundu la lenzi hadi mwisho, naweka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 3200, nawasha skrini ya nyuma na kuweka nyota kali ya Sirius au sayari ya Mshtarii katikati. Halafu naikuza picha ya kwenye skrini mara kumi. Zumu ya lenzi siigusi tena, maana lenzi nyingi za zumu hupoteza fokasi ukivuta karibu au mbali.

Sasa nazungusha pete ya fokasi taratibu. Doa linasinyaa, linazidi kusinyaa, kisha linaanza kuvimba. Huko kuvimba nakutaka, kwa sababu kunaniambia nimepita. Narudi kinyume mpaka livimbe upande wa pili, halafu natafuta katikati kwa miguso midogo kabisa, naachia pete kila mara ili mtikisiko utulie. Rangi nayo husaidia: kwenye lenzi yangu, ukingo wa nyota huwa zambarau upande mmoja wa fokasi na kijani upande mwingine. Lakini ishara ninayoipenda kuliko zote ni vinyota hafifu. Nyota kali hung'aa kupita kiasi na kuficha makosa. Vile vidogo vilivyo kando yake hutokea kwenye skrini pale tu fokasi inapokuwa sawa. Pete ikisogea kidogo, vinazimika. Navilenga hivyo kumalizia.

Napiga picha moja ya majaribio ya sekunde 10 hivi, ikiwezekana nikiwa nimeelekea kundi la nyota la Kilimia, kisha naikagua nikiwa nimeikuza. Nyota za Kilimia zikiachana kila moja peke yake, nabandika pete kwa utepe. Zikiwa zimeshikana, narudia.

Kuna pia kinyago cha Bahtinov, kifuniko chenye mianya kinachowekwa mbele ya lenzi, kilichobuniwa na Pavel Bahtinov mwaka 2005. Mistari yake huifanya nyota itoe miale mitatu, na mwale wa kati ukikaa katikati kabisa ya ile miwili inayokatizana, umefika. Kwa lenzi ndefu, zinazovuta mbali, ni kifaa bora sana. Kwa lenzi pana, zinazochukua eneo kubwa la anga, miale huwa mifupi mno kuonekana vizuri, kwa hiyo huko nabaki na macho.

Utepe hauzuii baridi. Usiku ukipoa nakagua fokasi upya, na papo hapo naangalia kioo cha mbele kama kimeshika umande, kwa sababu ukungu wake hufanana mno na fokasi iliyohama. Wenye lenzi ambazo pete yake huendesha mota wana la ziada: baadhi husahau fokasi kamera ikizimwa, basi ni bora iachwe ikiwaka hadi kazi iishe.