Mama stoo nilivyopanga msosi wa kampani ya Mjerumani, 1915

Mi ni mtunza stoo shule moja ya bweni huku Korogwe, kazi yangu ni mahindi, maharage, mafuta na kuni, historia niliachana nayo form four. Sasa mwalimu wa historia akanijia, anataka wanafunzi wake wapange chakula cha jeshi la Mjerumani wakati wa vita ya kwanza ya dunia, yani wao ndo wawe mabwana stoo wa kambi, ila vitabu vyake vinaongelea mapigano tu, risasi nyingi ugali hakuna. Akasema, "Mama stoo, we ndo unajua watu wanakulaje." Nikamwambia aniachie hivyo vitabu, nitavipitia jioni nikishagawa chakula cha usiku.

Nikaanza na vichwa, maana huwezi kuagiza mahindi hujui unalisha wangapi. Schutztruppe nzima, yani jeshi la Mjerumani huku kwetu, mwanzo wa vita 1914 ilikuwa na askari Waafrika kama 2,500 na Wajerumani wasiofika 300, baadae askari wakapita elfu 11. Hiyo ni kubwa mno kwa darasa la vipindi viwili, nikachukua kampani moja tu, yani kikosi kimoja cha hilo jeshi: askari 160, Wajerumani 20, wapagazi 250. Ona hapo, wapagazi ni wengi kuliko wenye bunduki, na bado sijagusa wake wa askari na maboi wa kila Mjerumani, ambao nao walifuata msafara na nao wana matumbo. Nikabaki na 430, kilo moja ya nafaka kwa mtu kwa siku, mtama au mahindi. Inakuja kilo 430 kwa siku, magunia manne na kitu ya kilo mia, kwa mwezi kama 130. Mpaka hapo hakuna cha kumtisha mtu wa stoo.

Shughuli ni kuyafikisha. Reli zilikuwa mbili, hii yetu ya Tanga mpaka Moshi na ile ya kati iliyofika Kigoma 1914, na hazikuwa zimeungana popote. Askari wengi walikuwa huku kaskazini kumwangalia Mwingereza upande wa Taita, baharini nako meli za kivita zimeziba njia, mchele wa kutoka nje umekata, kwa hiyo nafaka ya upande wa reli ya kati inatoka Morogoro, inapita Handeni, inakuja huku kichwani mwa mtu. Magari yalikuwa ya kuhesabu na wanyama wa kubeba wanakufa na mbung'o. Nikampa mpagazi mzigo wa kilo 25, njia ni zaidi ya kilomita 200, nikampa siku 10 za mwendo. Kuja anakula kilo 10, kurudi anakula kilo 10, anayoiacha kambini ni kilo 5 tu. Tano jamani!

Nikarudia kwenye kalkuleta ikasema vilevile. Ili kampani ipate kilo zake 430 inabidi wapagazi 86 wafike kila siku, na ukijumlisha walioko njiani kwenda na kurudi ni watu 1,720, ambao wanakula kilo 1,720 kila siku ili 430 zifike. Hapo ndo nikaona kwanini Wajerumani waliweka vituo njiani, kila mwendo wa siku kuna ghala, mpagazi anakula hapo mzigo wake hauguswi. Nikapiga upya, sasa wanatakiwa kama 344 tu barabarani, kwenye karatasi inapendeza. Ila hao 344 nao wanakula kilo 344 kwa siku na hizo zinatoka wapi kama sio kwenye vihenge vya Wazigua na watu wengine wa kando ya njia, kwa kununuliwa au kwa amri, huku vijana wa kulima ndo haohao wamechukuliwa kubeba. Mwalimu alitaka turuke hiyo sehemu kuokoa muda, nikakataa, nikachora safu nzima nikaiandika KIJIJI na kila kilo iliyoliwa kituoni ikaenda humo. Nilimkumbusha Ugogo, Mjerumani kachukua nafaka na ng'ombe, Mwingereza akaja akachukua tena, mvua ikagoma, njaa ya Mtunya ikaua watu kwa maelfu.

Vingine nilipita navyo haraka. Chumvi walikuwa nayo Uvinza, kwinini ilitengenezwa Amani hapo juu ya Muheza, na kati ya Mombo na Handeni waliweka kireli cha vitoroli vya kusukuma, ambacho kwenye hesabu yangu kinaokoa wapagazi wengi kuliko nilivyodhani. Fukusi na panya nikawakatia kilo 5 kwa kila gunia. Mwalimu akaona nazidisha, nikampeleka stoo nikamfungulia gunia la msimu uliopita nikachota kiganja kimoja, punje zimetobolewa nyepesi kama makapi na unga unabaki vidoleni, akanyamaza. Na hayo yamekaa kwenye chaga chini ya bati, sio yaliyonyeshewa mvua Handeni.

Siku ya kipindi niliwapa wanafunzi zile karatasi bila majibu. Kundi moja likapunguza maboi wa Wajerumani kabla ya kitu chochote, na kweli Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa jeshi hilo, alikuja kuwapunguza. Binti mmoja akasimama, "Shikamoo mama, mi naona kampani yenyewe ndo ihamie kwenye chakula," darasa likacheka ila mwalimu hakucheka, akawaambia ndo kilichotokea, Novemba 1917 wakavuka Ruvuma wakaiteka ngome ya Wareno pale Ngomano wakapata chakula na silaha, wakati Tafel, afisa mwingine wa Kijerumani, na kikosi chake siku hizohizo walijisalimisha kwa njaa kabla ya kuungana nao.

Sasa mwalimu anataka nimfanyie na upande wa Mwingereza, ambako wapagazi wanakadiriwa kufika milioni moja. Nimemwambia asubiri nifunge hesabu za muhula, maharage yenyewe yanakata wiki hii.