Siku yangu moja kwenye senta ya kaiti Paje, na hii bodi mpya ya kike

Haya, mlonambia niandike siku yangu inavyokwenda, leo nimepata nafasi. Kazi yangu ni kutunza na kukodisha vifaa kwenye senta moja ya kaiti, yale matiara makubwa yanayomvuta mtu juu ya maji akiwa kasimama kwenye bodi, hapa Paje, Unguja, na mwalimu akipungua nafundisha, cheti cha IKO, shirika la kimataifa la mchezo wa kaiti, ninacho. Siku nnayoieleza ni juzi, upepo wa kusi umeshakaza na bahari iko bamvua.

Saa kumi na mbili asubuhi
Natoka Jambiani na baiskeli. Maji yalijaa alfajiri na bado hayajatoka vizuri, ufukweni hapapitiki, kwa hiyo barabarani. Chai na chapati kwa jirani karibu na skuli, safari.

Saa moja na nusu
Nafungua stoo. Hapa hakuna raha yoyote, ni kupiga pampu zile kaiti tunazoshuku zinavuja na kukagua kamba za baa, ule mpini wa kuongozea kaiti, moja moja, maana kamba zina mita 20 na zaidi na kifundo kimoja tu kikijikaza huko kati kamba inakuwa fupi kuliko mwenzake, kaiti inavuta upande mmoja na mgeni anadhani yeye ndo hajui.

Bosi kaleta bodi mpya, twintipu (bodi ya ncha mbili zinazofanana, unakwenda nayo pande zote) ya kike, urefu sentimita 133 upana 39. Kanambia ijaribuni leo na wageni wawili tulonao, mmoja wa kiwango cha kati na mmoja aliyekomaa, usiku unambie tuagize au tuache. Nikaiegemeza ukutani pamoja na ile yetu ya kawaida ya 138 kwa 41.

Sasa watu wakisikia bodi ya kike akili inakwenda kwenye rangi ya waridi na maua. Maua yapo, tena makubwa, sikatai. Lakini weka mguu juu yake ndo utaona. Mwanamke mwenye mguu mdogo akisimama kwenye bodi pana, kisigino chake kiko mbali na ukingo, kwa hiyo kila akitaka kuuzamisha ukingo majini anatumia nguvu za kifundo cha mguu mpaka jioni anachechemea. Hii imebanwa katikati, kisigino kinakaa karibu kabisa na ukingo. Mikanda ya miguu midogo, haimwachi mtu wa saizi 37 akaogelea ndani yake. Mashimo ya kufungia mikanda yamekaribiana zaidi kwa mwenye miguu mifupi. Halafu inanesa: nimeikandamiza na goti, ikashuka, ile ya 138 hata haikunijua. Ndani ni mbao ya paulonia kama bodi nyingi tu, juu faibaglasi, kaboni hakuna.

Saa nne
Maji yamekupwa kabisa, kusi ndo inaanza kunyanyuka. Kinamama wameingia kwenye mwani, na mama yangu mdogo yumo. Kazi yangu saa hizi ni kuwaonesha wageni wapi pa kupita ili wasiingie kwenye vijiti na kamba za mwani, maana finsi, yale mapezi ya chini ya bodi, ikikata kamba ya mtu hapo hatafutwi mzungu, natafutwa mie, nyumbani, mbele ya watu.

Saa sita na nusu
Nimeshaswali adhuhuri, maji yamerudi mpaka kiunoni, upepo noti (maili za baharini kwa saa) 18 hivi. Wa kwanza dada mmoja wa Dar, kilo 58, yuko kiwango cha kati: anakwenda, anarudi, kugeuka bila kukaa bado. Tumempa kaiti ya mita za mraba 9. Shida yake juzi yake kwenye 138 ilikuwa kila akienda anashuka demani, yaani upepo unakoelekea, mwisho anatembea na bodi kwapani kurudi alikotoka.

Siku hiyo kwenye 133 nilikuwa nimesimama majini namwangalia. Mara ya kwanza kaanguka kama kawaida. Ya pili kaegemea nyuma, kisigino kikazama, nikaona maji yanachanika mstari mmoja safi nyuma yake badala ya kuruka ovyo, na mdada huyo anakwenda joshi, upepo unakotoka, mpaka nikaanza kumkimbilia nimwambie rudi. Anapiga kelele "dada inashika! inashika!" Viwimbi navyo havimrushi, bodi inajikunja kidogo inavimeza.

Ila upepo ulipolegea kwa muda, ikawa hadithi nyingine. Bodi ndogo inataka mwendo, ukipungua inazama, na yule dada akazama nayo taratibu huku amesimama wima kama mtu anayesubiri daladala. Siku za noti 13 au 14 mimi mtu wa kati simpi hii, namrudisha kwenye kubwa na mikanda namfungia ya kwake.

Saa nane na nusu
Upepo umepanda, noti 23, 24. Wa pili ni mama wa Kiaustria anayeishi Unguja, Kiswahili kinamtoka vizuri tu. Kwao alianza na ski, ile mibao miwili ya kuteleza kwenye theluji, na wakati nambadilishia mikanda kwa bisibisi akanipa darasa. Anasema kuna ski za mlima mzima, za kwenda popote, theluji ngumu na laini, kiunoni zina milimita 85 mpaka 100 hivi. Nyembamba inashika vizuri kwenye theluji ngumu, pana inaelea kwenye laini. Ncha ya mbele imeinuliwa ili isichimbe, katikati chini ya kiatu pamepinda juu kidogo ili ukikanyaga pashike. Za kike huwa nyepesi na laini zaidi, na mara nyingi pa kufungia kiatu pamesogezwa mbele kidogo. Mwenye kiwango cha kati anazipenda kwa sababu zinageuka bila ugomvi. Aliyekomaa akishuka kwa kasi ncha inaanza kutetemeka, ndo maana yeye yake ina bati jembamba la aluminiamu ndani, nzito lakini imetulia. Na kuna kampuni, kasema, zinauza ski ile ile ya kiume kwa rangi nyingine basi.

Nikamwambia panda hii utuambie.

Kapanda. Akiruka na kutua raha tupu, bodi inapokea mshindo, magoti hayalalamiki. Tatizo ni kabla ya kuruka. Pale unapokandamiza ukingo ili kaiti ikunyanyue unataka bodi ikaze, hii inalegea, ule mruko wa mita kadhaa unakuwa nusu. Na alipofungulia mwendo upande wa mwamba, kwenye viwimbi vikali, niliona kabisa pua ya bodi inacheza. Karudi kasema nzuri sana kwa binti yangu. Basi nikaelewa. Akachukua bodi yetu nyingine, 136 ya kaboni, ngumu, tumeifunga mikanda midogo, akapotea huko.

Saa kumi
Maji yamejaa na zamu yangu. Leginzi, fulana ndefu, mtandio wa kubana wa kuogelea. Mzee mmoja anayeshona nyavu chini ya mnazi ananiuliza kila siku swali lile lile, "mwanangu upepo huo ukikuchukua tukutafute Pemba?" Namjibu mtanikuta nishafika nakula.

Kwangu bodi iko katikati ya maneno yao wote wawili. Nikifundisha naitaka hii, nageuka nayo haraka kumfuata mwanafunzi na jioni miguu haiumi. Nikiwa najirukia mwenyewe siitaki.

Saa kumi na moja na nusu
Kuosha. Maji ya bomba kila kitu, skrubu za mikanda na finsi zote kukazwa upya, maana mchanga na chumvi vinazilegeza na finsi ikidondoka majini huioni tena. Magharibi hiyo, nafunga.

Saa moja usiku
Nimemtumia bosi voisi: agiza mbili za 133 za kike kwa wanafunzi na wale wa kati wenye kilo 55 mpaka 65, usiagize tatu. Pesa ya tatu nunua seti za mikanda midogo tuzifunge kwenye 136 ngumu, wanawake waliokomaa wanaikosa hiyo sio maua. Kajibu "sawa, rangi gani?"

Nimemwambia iliyo rahisi.